Madumu 40 ya Asali na Springi za Marehemu Baba

Pleti kuu ya springi ya nyuma kushoto ya pikapu yangu, lile bapa refu la chuma la juu kabisa, ilikatika saa tisa alasiri, kati ya Mamba na Lupatingatinga, porini Chunya, nikiwa na madumu 40 ya asali kwenye bodi. Nilisikia "ta!" kavu, kama mtu anayevunja ukuni kwa goti. Gari likainama upande mmoja, tairi likaanza kukwaruza bodi. Mdogo wangu, ambaye tangu Matwiga alikuwa amelala mdomo wazi, akaamka na kuuliza kama tumefika.

Pale hakuna mtandao wala duka. Ni miombo pande zote, na mbung'o ambao wakiona gari limesimama wanadhani wameletewa nyama. Tukaanza kushusha madumu ili jeki iweze kunyanyua. Nilipofika dumu la kumi na tano mikono ilikuwa inatetemeka, na nakumbuka nilijiambia kwamba dumu la lita 20 halipaswi kuwa zito hivi. Wazo likapita. Nilikuwa na shida kubwa zaidi.

Baada ya kama saa moja akapita babu mmoja mrina asali, na baiskeli. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akazunguka gari mara mbili bila kusema neno. Kisha akachomoa shoka, akaingia porini, akarudi na kipande cha mti mbichi kinene kama paja la mtoto. Tukanyanyua gari, akakichomeka kati ya difu na chesisi, akafungua mipira ya tyubu aliyokuwa amefungia mzigo wake na kuanza kuzungushia. Mimi navuta huku, yeye kule. "Vuta, mama, vuta. Mpira usipolia haujafunga." Pesa alikataa. Alichotaka ni kwamba nikishatengeneza, ile pleti mbovu nisiitupe, nimletee. Ana mdogo wake mhunzi.

Tukapakia upya, tukatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Makongolosi tuliingia saa saba usiku. Sijawahi kuipenda lami kama usiku ule.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya 1994, ile wanayoiita LN106: injini ya dizeli iitwayo 3L, springi za pleti nyuma na mbele, na mbele ina ekseli nzima ya chuma kama lori. Alikuwa nayo marehemu baba. Aliibebesha viazi vya Isyonje, saruji, mbao, na kila aliposikia inagota chini aliipeleka kwa fundi, akatoa amri moja tu: ongeza pleti. Mbeya nzima ndivyo tunavyofanya. Simama Mwanjelwa asubuhi uangalie pikapu zinavyopita tupu, zote zimenyanyua makalio kama bata anayekunywa maji.

Alipofariki, 2016, nikaiingiza kwenye biashara ya asali. Natoka Mbeya alfajiri na madumu matupu, napanda mlima kwenye ukungu, nashuka Chunya, nafika Makongolosi, na hapo lami naiaga. Kwenda ni tupu, kurudi ni mzigo. Naomba msomaji akumbuke sentensi hiyo, maana mimi ilinichukua miaka mitatu kuielewa: nusu ya safari zangu zote gari halina kitu.

Si jangwa kule, miti ipo. Lakini nenda mwezi wa Septemba uone kama utakuta tofauti kubwa. Makorongo yamekauka yamebaki mchanga mtupu, vumbi ni laini kama unga wa sembe, linaingia hadi kwenye saa ya mkononi, na malori ya tumbaku yameichambua barabara tangu masika yalipoisha. Greda likipita huwa barabara tamu kwa wiki chache. Baada ya hapo zinaanza rasta, vile vimawimbi vilivyojipanga kama ubao wa kufulia. Mashimo unayaona, unayakwepa. Rasta huzikwepi. Zinakutikisa saa nne mfululizo mpaka skrubu za dashibodi zinadondoka zenyewe miguuni.

Ubishi wa mwendo wa kupita rasta haujawahi kuisha kijiweni. Wengi watakwambia kanyaga 80, gari litaelea juu ya vilele. Kweli linaelea. Shida ni kwamba gari linaloelea halijashika ardhi. Mwaka mmoja kabla ya pleti kukatika nilikuwa natoka Makongolosi tupu, mwendo kama 60 na ushee, nikaingia kona ya kulia. Nyuma ya gari ikaruka, ikatua, ikaruka tena, kila ikitua iko pembeni zaidi ya mwanzo. Usukani nimekata kulia, gari linakwenda linakotaka. Tulisimama majanini, hatua mbili kutoka kwenye myombo mkubwa. Nililaumu mchanga. Nilirudi barabarani, nikanywa maji, nikaendelea kulaumu mchanga hadi Matwiga.

Fundi wangu yuko Mafiati, hapa Mbeya. Ni mzee kuliko mimi lakini ananiita dada, namwita fundi, hatujawahi kutajana majina. Alizitoa springi zote mbili za nyuma, akazilaza sakafuni juu ya gunia na kuzifungua pleti moja moja, akazipanga kama samaki wa kuanika.

"Dada, springi hizi ni za gari ngapi?"

"Gari moja, fundi."

"Hapana. Hapa pana magari matatu."

Akanionyesha. Zile za asili, ukizilaza moja juu ya nyingine, upinde wa hii unaingia kwenye upinde wa ile kama vikombe. Mbili zilikuwa za gari jingine, nene zaidi na zimenyooka, kwa hiyo zilipobanwa na yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zilikuwa zinalazimisha wenzao kukaa wasivyopinda. Na moja ilikuwa na rangi ya bluu na kahawia katikati. Hiyo, akasema, ilichomwa gesi.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu pesa nyingi za wenye pikapu zinapotelea hapa. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani. Kimepashwa moto, kikazamishwa ghafla kipoe, kikawa kigumu kiasi cha kukatika kama glasi. Halafu kikapashwa tena moto wa kiasi ili kiweze kupinda na kurudi. Springi ikilala, fundi wa haraka anaichoma kwa gesi mpaka iwe nyekundu, anaigonga irudishe upinde, anaiacha ipoe chini ya mwembe. Ukiiangalia imekuwa mpya. Ndani imekuwa chuma cha kutengenezea dirisha. Itakaa wiki, mwezi, kisha italala tena, na ikilala mzigo wake unahamia kwa jirani. Jirani yake kwangu ilikuwa pleti kuu, na pleti kuu ndiyo inayoishika ekseli mahali pake. Ilikatikia palepale inapopita senta bolti, ile inayozishika pleti zote pamoja katikati, penye tundu, ambapo chuma ni chembamba kuliko kwingine kote.

Fundi alivyomaliza somo akafuta mikono, akasema: "Basi nikuongezee moja nene, ya uhakika. Utasahau."

Na mimi nikataka kukubali. Jina la baba lilikuwa linanukia kwenye pendekezo lile. Kilichotuokoa ni swali alilouliza kwa ajili ya kuchagua unene tu: unabeba kilo ngapi?

"Mia nane," nikasema. Madumu 40, lita 20 kila moja. Hesabu ya darasa la tatu.

"Umepima?"

Nilikuwa na dumu moja kwenye gari, la mteja wa Soweto ya hapa Mbeya. Tukavuka barabara hadi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, tukaliweka kwenye mizani ya magunia. Kilo 29. Nikadhani mizani ina matatizo. Akapanda kijana wa mashine, ikasoma kilo zake anazozijua. Tukarudisha dumu. 29.

Naona aibu kuandika hivi, maana asali ndiyo kazi yangu. Kwamba asali ni nzito kuliko maji nani asiyejua? Ukiimimina kwenye maji inakwenda chini. Lita moja ya asali ni karibu kilo 1.4. Lakini mimi nanunua kwa dumu na kuuza kwa lita, kilo hazikuwahi kuingia kwenye daftari langu. 29 mara 40 ni 1,160. Weka mimi, weka mdogo wangu ambaye si mwembamba, spea tairi mbili, jeki, maji ya kunywa. Tani moja na robo na zaidi, kwenye gari la tani moja, juu ya rasta.

Fundi alicheka mpaka akakaa. "Dada, miaka yote hii umekuwa ukipakia ng'ombe mzima usiyemwona."

Uamuzi wa kwanza kuhusu springi kwa hiyo haukuwa wa springi. Nilishusha mzigo hadi madumu 30, kilo 870. Iliniuma. Madumu 10 kila safari ni pesa ya kusomesha, na msimu ule wa kwanza nilipiga hesabu ya hasara kila nilipopita mizani. Lakini ukishajua kilo zako, fundi ana cha kufanyia kazi. Kabla ya hapo ulikuwa unampa bahati nasibu.

Tukatafuta seti kamili ya Hilux ya aina ileile iliyokuwa imekatwa kwa ajili ya spea, pleti zote za familia moja, hakuna iliyoguswa na gesi. Tukabadilisha bushi zote, senta bolti mpya, yubolti mpya, na hizo yubolti akanitaka nirudi baada ya safari moja azikaze upya kwa sababu springi mpya hujipanga. Nilirudi, na kweli zilikubali robo mzunguko.

Jambo lililonifurahisha ni pleti ya chini kabisa. Ni fupi, nene, imenyooka karibu kama rula. Gari likiwa tupu haifanyi kazi yoyote, iko tu pale, haijagusana na wenzake kwenye ncha. Ukipakia, zile za juu zinapinda zikishuka, zinaikuta, ndipo inaanza kubeba. Kwa hiyo unakuwa na springi laini ya kwendea na springi ngumu ya kurudia, ndani ya fungu moja. Zile za baba zilikuwa ngumu muda wote. Gari tupu juu ya springi ya tani moja na nusu linadunda tu, tairi linatumia muda mwingi hewani kuliko ardhini, na tairi likiwa hewani hakuna kona. Ule myombo nilikosa kuugonga kwa bahati. Mchanga haukuwa na kosa.

Namna ya kujua kama umepatia, bila mashine yoyote: chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya wili kwenda juu hadi ukingo wa bodi, gari tupu. Pakia mzigo wako wa kila siku, si ule wa siku ya sifa, upime tena. Langu lilishuka sentimita 9, na kati ya ekseli na ule mpira wa kugotea ikabaki nafasi ya ngumi yangu. Zamani haikubaki ya kidole.

Shokapu sasa. Nilikuwa katika kundi la wanaoamini shokapu ndiyo inayobeba gari. Haibebi. Springi inabeba, shokapu inaituliza. Mtikisiko wote inaougeuza unakuwa joto, na joto hilo linakwenda kwenye mafuta yaliyo ndani yake. Kwenye rasta hakuna kupumzika, mafuta yanachemka, yanatoa povu, na pistoni inayopita kwenye povu haizuii kitu. Ndiyo maana gari linakuwa zuri saa ya kwanza, na saa ya pili linakuwa mwehu.

Fundi alinipa jaribio ambalo nimeshawafundisha watu wengi tangu hapo. Endesha rasta kama saa moja, simama, shuka haraka uguse shokapu zote nne kwa mgongo wa kidole. Nilifanya hivyo kabla ya Lupatingatinga. Kulia nyuma niliungua, nikaruka nikijipuliza kidole, mdogo wangu akicheka. Kushoto nyuma ilikuwa ya baridi kama mtungi. Nikampigia fundi nilipopata mtandao, nikamwambia ya kulia imeharibika, inaunguza. "Hiyo ndiyo nzima," akasema. "Inafanya kazi, ndiyo maana ina joto. Ile baridi ilishakufa zamani, inasindikizwa tu."

Nilinunua mpya nne, za gesi. Gesi yenyewe haifanyi gari kuwa gumu kama wauzaji wanavyosema. Kazi yake ni kuyakandamiza mafuta yasitoe povu upesi. Cha kuangalia ni urefu. Mtu aliyenyanyua gari kwa springi za upinde mkubwa akafunga shokapu fupi za kawaida, kila tairi likining'inia shimoni shokapu ndiyo inayolizuia lisidondoke, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Inang'oka kwenye jicho lake. Pia nilijifunza kusimama. Kila saa na nusu nasimama robo saa, naangalia nati, nakunywa chai ya chupa. Shokapu zinapoa na mimi napoa.

Matairi ndiyo yaliyonigharimu zaidi, na kosa lilikuwa langu kwa asilimia mia. Mwaka 2019 nilinunua manne ya mtumba kwenye duka moja hapa mjini. Kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga ardhi, nene, weusi wa kung'aa, ukipitisha kidole yana mafuta mafuta. Bei nzuri. Nilijiona mjanja kwa wiki tatu. Alasiri moja ya joto, tumetoka Mamba na mzigo, nikasikia kitu kinapiga bodi kwa chini kama mtu anayetwanga. Kashata yote ya tairi la nyuma ilikuwa imebanduka kama ganda la ndizi, inajipigapiga, tairi lenyewe bado lina upepo. Sekunde chache baadaye likapasuka.

Kijana wa pancha pale Makongolosi ndiye aliyenisomea. Alilala chini na tochi ya simu, akapangusa vumbi upande wa ndani wa tairi jingine, akaniita nilale na mimi. Baada ya herufi DOT na nyingine nyingi kuna tarakimu nne kwenye kiduara kirefu: 3109. "Wiki ya 31, mwaka 2009, mama." Tairi lilikuwa na miaka kumi siku naifungua pochi yangu. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Unakauka, unapasuka nyufa nyembamba kama za kisigino, na zile tabaka za ndani zinaanza kuachiana. Ule weusi wa kung'aa ulikuwa wa kupaka. Siku hizi sinunui tairi kabla ya kulala chini nikasoma, na wauzaji wameshanizoea. Kuna mmoja hunitandikia boksi kabisa.

Akanionyesha na kingine, kwenye ukubwa. Yale yangu yalikuwa 215/70R16, na baada ya hapo namba 100. Hiyo namba ni ya mzigo: 100 maana yake tairi moja linabeba kilo 800. Ni tairi la gari la kutembelea. Tairi la asili la Hilux yangu, 205R16 lenye herufi C ya gari la mzigo, limeandikwa 110/108, na 110, ya tairi likiwa moja moja kila upande, ni kilo 1,060. Ni jembamba zaidi kwa macho lakini kuta zake zina nguvu zaidi. Bodi la pikapu limekaa juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo karibu mzigo wote unaangukia matairi mawili. Mawili ya kilo 800 ni 1,600. Ukitoa uzito wa nyuma ya gari lenyewe, asali yangu ilikuwa imeshapitiliza hata matairi yangekuwa mapya kutoka kiwandani. Nilimlipa kijana yule mara mbili ya alichoomba, naye akadhani nimekosea.

Nilirudi kwenye 205R16 mapya, laki tatu na kitu kila moja, nikanunua mawili mawili kwa kupishana miezi. Marafiki walinishauri niweke mapana, yanapendeza, yanaelea mchangani. Mchangani unachotaka ni alama ndefu ya tairi ardhini, na urefu huo unaupata kwa kupunguza upepo kuliko kwa upana. Halafu kuna sababu ya kizee zaidi: tairi la Hilux la kawaida nikilikosa Chunya nitalipata Makongolosi. Tairi la urembo nikilikosa Chunya nitalisubiri Mbeya.

Kashata kubwa za matope pia nilizitamani. Mwenzangu mmoja anazo. Kwenye tope la Januari anatucheka wote. Lakini zinapiga kelele, zinapata joto kwenye lami, mchangani zinachimba kama kuku, na ule mlima wa Chunya ukinyesha mvua na ukungu lami inakuwa sabuni chini yake. Mimi nilichagua kashata ya wastani, vipande vimekaribiana katikati na vimeachana pembeni. Kwenye tope nasubiri likauke. Asali haiozi.

Upepo sasa, na hapa nina deni kwa Waaustralia. Hilux kama yangu iliuzwa sana kwao, na jioni moja nilikaa nikiangalia video za watu wanaovuka jangwa la Simpson na gari kama la baba. Kitu cha kwanza wanachofanya lami ikiisha ni kushuka na kutoa upepo. Sisi tunafanya kinyume: mzigo mzito, barabara mbaya, jaza mpaka tairi liwe jiwe. Nilipomwambia mjaza upepo wa Uyole apunguze, aliniangalia kwa huruma. "Mama, unataka kuua tairi?"

Tairi ndilo springi ya kwanza. Rasta inalifikia kabla haijafika kwenye pleti yoyote, na tairi lililojaa kama jiwe linaipitisha rasta yote juu, kwenye springi, shokapu, bodi, hadi kwenye meno yako. Likilegea kidogo linaimeza. Kwangu, na madumu 30, nyuma naweka paundi 45 kwenye lami. Lami ikiisha nashusha hadi 36 na mwendo nashusha hadi 50. Hivi viwili vinakwenda pamoja, ukishusha upepo bila kushusha mwendo ndipo tairi linapokufa kweli. Nikiwa tupu, 28 inatosha. Kwenye korongo la mchanga, gari tupu, nimewahi kushuka hadi 18, nikavuka polepole kama mwenye mimba, nikajaza upande wa pili. Pampu ndogo ya kubana kwenye betri ilinigharimu pesa kidogo kuliko tairi moja la mtumba.

Nitajuaje kama nimeshusha kupita kiasi? Napima asubuhi gari likiwa limelala, naendesha saa moja, napima tena. Upepo hupanda tairi likipata joto. Ukipanda kama nne hadi sita, sawa. Ukizidi hapo, tairi linajikunja mno, ama upepo ni mdogo, ama mzigo mkubwa, ama mguu wangu mzito. Ila nisipime Mbeya. Asubuhi ya Julai Mbeya vidole vinaganda, mchana Makongolosi jua linachoma, na tofauti hiyo ya hali ya hewa peke yake inapandisha paundi mbili tatu. Napima kulekule Matwiga, alfajiri, kabla wenyeji wangu hawajaleta uji.

Na zile pleti? Nilimpelekea babu safari iliyofuata, zote: iliyokatika, mbili za gari la watu, na ile ya bluu. Mdogo wake mhunzi alikuwepo, mtu mfupi mwenye mikono ya rangi ya mkaa. Nikamweleza kuhusu ile iliyochomwa, kwamba imeshaharibika, labda haimfai. Aliigonga kwa nyundo, akasikiliza, akaigonga ile nyingine.

"Haijaharibika," akasema. "Huyo fundi wenu aliipasha moto akaondoka. Mimi nitaipasha tena, kisha nitaimaliza."

Msimu uliofuata nilikuta ananisubiri na shoka dogo, mpini wa mninga, makali yananyoa. Liko nyuma ya siti, limefungwa pamoja na jeki na mipira ya tyubu.